Mwenye Ngoma ni Nani?

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Maana yake ni kwamba binadamu hupenda kazi ielekee upande wa faida yake. Je, yawezekana kuwapo ngoma isiyovutwa na mtu mmoja?

Mwaka 1978, karibu na San Francisco huko Marekani, Jim Horton, John Bischoff na Rich Gold walifanya jaribio la namna hiyo. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ndogo iitwayo KIM-1, ambayo bei yake ilipotoka mwaka 1976 ilikuwa dola 245. Kila mmoja aliandika programu yake ya kutoa sauti. Kisha waliziunganisha kompyuta kwa nyaya, hata uamuzi wa moja ukageuza wimbo wa nyingine. Hapana aliyejua mapema wimbo utafika wapi.

Yuko atakayeuliza: je, watunzi hawa hawakuuza uhuru wao? Sioni hivyo. Hapana aliyenyimwa sauti yake. Kila mmoja alinyimwa amri juu ya sauti za wenzake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mtu ayachanganyaye huwa mzigo nyumbani, shuleni na katika nchi.

Lakini ushirika nao una hatari. Kazi ikiwa na wenyewe wengi, kosa hukosa mwenyewe. Mwaka 1987 Bischoff na wenzake watano, wajulikanao kwa jina la The Hub, walicheza mjini New York katika majengo mawili, watatu huku na watatu huko. Kompyuta zao ziliunganishwa kwa simu. Waya ulipeleka habari, haukupeleka sauti. Basi wasikilizaji wa kila jengo walisikia nusu ya kazi, na kila mchezaji aligusa muziki asiousikia.

Msomaji, hali yetu ni hiyo hiyo. Neno tulisemalo hapa hugeuza maisha ya mtu tusiyemwona. Kutosikia madhara si hoja ya kutokuwa na lawama. Ni sababu ya kuzidisha hadhari.

Mwenye ngoma, basi, ni kila aliyeipiga. Sifa yake wagawane, lakini lawama haigawanyiki: kila mmoja na aibebe kana kwamba alikuwa peke yake.