Anayesubiri majibu ya chuo anamtegemea nani?

 

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie subira ya aina moja ambayo wazee wetu wengi hawakuijua. Ni subira ya kijana aliyekwishapata shahada ya kwanza ya uhandisi, akaomba nafasi ya uzamili au uzamivu katika vyuo vya ndani na nje, na sasa anangoja kuambiwa amekubaliwa au amekataliwa. Vijana wa namna hii wapo Dar es Salaam, wapo Tanga, wapo Unguja na Mombasa. Mimi nitamtolea mfano mmoja wa Kengeja, kusini mwa Pemba, kwa sababu ndiko kwetu na mambo yake nayajua.

Kengeja watu wengi wanaijua kwa mchezo wa ng'ombe. Wachache wanakumbuka kwamba ndipo ilipo skuli ya sekondari ya ufundi, ambayo watoto wa wakulima wa karafuu wameshikia hapo bisibisi na rula ya kuchorea kwa mara ya kwanza. Kijana wangu huyu alipita hapo, akaenda Bara akachukua shahada ya uhandisi wa umeme, akarudi nyumbani. Disemba iliyopita alipeleka maombi katika vyuo sita: vinne vya Marekani, kimoja cha Saudi Arabia na kimoja cha Arusha. Vyuo vya Marekani vinatoza ada ya kuomba tu, Dola 75, Dola 90, vingine zaidi ya 100, na fedha hiyo hairudi hata ukikataliwa. Kwake yeye ilitoka kwenye karafuu za babu yake.

Maombi ya huko hufungwa Disemba na Januari. Majibu huanza kutoka Februari mpaka Aprili, na vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili apewe muda hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Kwa hiyo aliyewekwa akiba hungoja mpaka wenye nafasi waziache. Ni miezi minne ya kuishi roho juu.

Nilipomuuliza analala saa ngapi aliniambia: "Ami, silali kabla ya saa saba." Kwa nini? Kwa sababu ofisi za pwani ya mashariki ya Marekani zinafungwa saa kumi na moja jioni kwa saa zao, na miezi ya baridi hiyo kwetu ni saa saba usiku. Basi anakaa na simu, anafungua barua pepe, anafunga, anafungua. Ofisi zikishafungwa ndiyo analala, na Alfajiri inampita.

Waislamu wenzangu, hebu tupige hesabu. Kwetu Pemba Magharibi huingia kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, na Alfajiri kiasi cha saa kumi na moja. Ugawe usiku huo mafungu matatu. Fungu la mwisho linaanza kiasi cha saa saba na nusu. Ndilo fungu ambalo Mtume (SAW), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametueleza kwamba Mola wetu huteremka kwenye uwingu wa karibu, kwa namna inayolingana na utukufu Wake, akiuliza nani anayemuomba ampe. Kijana huyu anakesha kuisubiri ofisi ambayo haimjui hata sura, kisha anajifunika shuka nusu saa kabla ya mlango ule kufunguliwa! Na Ramadhani za 2024, 2025 na 2026 zote zimeangukia humo humo katika msimu wa majibu. Sijui kama kuna fursa iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Simlaumu kwa kuomba chuo. Wapo wanaodhani kwamba mwenye kutawakali hatakiwi kuhangaika, wala kujieleza, wala kupeleka vyeti vyake. Nabii Yusuf (AS) alimwambia mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi kwa kuwa yeye ni mlinzi mwaminifu na mjuzi (Suratu Yusuf, aya ya 55). Yale yalikuwa maombi, na ndani yake alitaja sifa zake. Na kabla ya hapo alikwishaonja kungoja: alimuomba mfungwa mwenzake amtaje kwa bwana wake, yule akatoka akasahau, Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Lakini tuangalie alifanya nini mle gerezani. Alilingania, alifasiri ndoto, watu walimjua kwa wema. Siku mfalme alipomhitaji, elimu yake ilikuwa tayari.

Kijana wangu yeye alikuwa amekataa kazi. Alitakiwa kutandika nyaya katika nyumba mbili akasema hawezi kushika kazi kwa sababu "anasubiri". Walimu wa skuli walimtaka awasaidie wanafunzi wa fizikia, akatoa udhuru huo huo. Mtu wa umeme anakaa barazani miezi minne, mkono unakuwa mzito na hesabu zinatoka kichwani. Chuo kikimkubali atafika huko akiwa nyuma ya alivyokuwa siku aliyoomba. Katika hadithi iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Mtume (SAW) ametuamrisha kupupia linalotunufaisha, kumuomba Allah msaada na kutojitia unyonge. Anayengoja naye ameamrishwa hayo.

Lililonihuzunisha zaidi ni jengine. Chuo cha kwanza kilipomkataa, na cha pili kikafuatia, nyumbani wakaanza kusema nyota ya kijana imefungwa. Mama yake, Allah amsamehe, kwa mapenzi ya mtoto akapelekwa na shoga yake kwa mganga. Yakatakiwa jogoo na shilingi laki moja na nusu. Sizungumzii dua wala kisomo; nazungumzia mtu anayedai kujua nani kafunga na wapi kafunga. Hadithi katika Sahihi Muslim iko wazi kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi masiku arubaini. Mama anamtafutia mwanawe nafasi ya kusoma kwa gharama ya sala zake!

Na hebu tuelewe kukataliwa huko kunatoka wapi. Katika uhandisi, hasa uzamivu wa Marekani, mara nyingi mwanafunzi hulipwa na fedha za utafiti za profesa. Profesa asipopata fedha hachukui mtu, hata mwombaji awe hodari namna gani. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata fedha nyingi za utafiti, na vyuo kadhaa vikapunguza nafasi, vyengine vikafuta hata zile vilizokwishatoa. Jambo limeamuliwa Washington, jogoo anachinjwa Kengeja. Tujiulize, mganga yule ana nini cha kufungua hapo?

Hofu ya hasidi nayo naielewa. Nabii Yaaqub (AS) alimkataza mwanawe kuwasimulia ndugu zake ndoto yake, kwa hiyo kuficha jambo lina asili yake. Ila kumfungia kijana mdomo mpaka asimwambie hata mwalimu wake wa zamani, ambaye angemsomea maelezo yake na kumuonesha palipopungua, huko ni kumdhulumu. Na sisi majirani tupunguze lile suali la "bado tu?" kila anapopita. Likitoka kwa watu kumi kwa siku, linavunja mtu.

Aliyekataliwa asiseme "lau ningefanya hivi ingekuwa vile", maana Mtume (SAW) ametutahadharisha kwamba lau hiyo humfungulia shetani kazi. Lakini kuyasoma tena maombi yako, ukaona maelezo yalikuwa ya jumla mno au uliomba kwa profesa asiyeshughulika na fani yako, hiyo siyo lau iliyokatazwa. Hiyo ni kumfunga ngamia vizuri zaidi safari ijayo.

Milango pia si ya Marekani tu. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi. Unguja, pale Bweleo, chuo cha IIT Madras cha India kilifungua tawi Novemba 2023, na tangu mwanzo kilikuwa na uzamili wa sayansi ya data na akili mnemba. Mzazi mwenye shaka ya kumsafirisha binti yake peke yake ng'ambo, mas'ala ambayo wanazuoni wamekhitalifiana, hapo hana pa kujitetea. Dhahran kipo Chuo Kikuu cha Mfalme Fahd cha Mafuta na Madini, ambacho huwagharamia wanafunzi wa uzamili kutoka nje. Na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imekuwa ikisomesha vijana wa jamii za Kiislamu za nchi zisizo wanachama tangu 1983, na uhandisi umo katika fani zinazopewa kipaumbele.

Sasa niseme na sisi tulioko mijini, kwa sababu mzigo huu si wa kijana peke yake. Imam Ghazali katika Ihyaa aliihesabu tiba na hesabu katika faradhi za kutosheleza, akasikitika kuona miji isiyo na tabibu Muislamu huku watu wakisongamana kwenye mabishano ya fiqhi. Laiti angeona umeme wetu. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba ilitegemea majenereta ya mafuta mpaka 2010, ulipofika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kiasi cha kilomita 78, kwa msaada mkubwa wa fedha za Norway. Nani atakayeujua waya huo ndani na nje, kama kijana wa umeme wa Kengeja anakatika tamaa kwa kukosa Dola 90?

Misikiti yetu inachangisha mazulia na mapangaboi, na thawabu yake ipo. Lakini ni msikiti gani umewahi kuchangisha ada ya maombi ya chuo? Kikapu cha Ijumaa moja katika msikiti wa mjini kinatosha ada ya vijana wawili au watatu. Wahandisi Waislamu waliokwishapita njia hii wako Dar es Salaam, Muscat, London na Toronto. Kumsomea kijana barua yake kunachukua jioni moja. Wamwambie pia kwamba baadhi ya vyuo husamehe ada hiyo kwa mwombaji anayeandika mapema kueleza hali yake. Wa Kengeja hakuambiwa na mtu, akalipa yote. Maombi ya msimu ujao yanafunguliwa Septemba, na maimamu wanaosoma ukurasa huu wanayo nafasi ya kulitangaza baada ya sala ya Ijumaa hii.