Kopo Lisilo na Pombe

Soma: Walawi 10:8–11; Danieli 1:8–16; 1 Timotheo 5:23.

Katika maduka ya vinywaji huko Minnesota, Marekani, jimbo lenye washiriki wengi waliotoka Kenya, kuna kopo linalofanana na la soda. Limechorwa ndimu, na ubavuni limeandikwa kwamba halina pombe. Maandishi madogo yanaongeza: miligramu 5 za THC, yaani ile kemikali ya bangi inayolevya.

Mfikirie dada muuguzi anayerudi nyumbani asubuhi baada ya zamu ya usiku, na usingizi hauji. Hajawahi kuonja bia maishani. Mfanyakazi mwenzake anamwambia, "Hii si pombe, na serikali imeruhusu." Dada huyu hatafuti anasa, anatafuta kulala. Je, kuna kosa gani?

Hoja ya serikali haina uzito mkubwa. Mwaka 2018 sheria ya kilimo ya Marekani iliruhusu mmea wa jamii ya bangi ambao THC yake haizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Wafanyabiashara wakaona mwanya: asilimia ndogo ya kopo zito yatosha kulevya. Minnesota ikaruhusu vinywaji hivyo Julai 2022. Kisha Novemba 2025 sheria mpya ya taifa ikapanga kuuziba mwanya huo baada ya mwaka mmoja. Ikiwa dhamiri inalifuata bunge, dada huyu hana kosa mwaka mmoja, na mwaka unaofuata ni mkosaji.

Hoja ya "si pombe" ndiyo nzito, na hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia msomaji. Haruni na wanawe walikatazwa mvinyo na kileo waingiapo katika hema ya kukutania. Sababu imetajwa: wapate kupambanua kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu, na kuwafundisha watu. Neno "kileo" halitaji zabibu wala shayiri. Linatokana na kulewa; hutaja kile ambacho kinywaji humfanyia mnywaji. Basi kopo laweza kusema kweli kwamba halina pombe, na bado likawa kileo.

Je, miligramu 5 humlewesha mtu? Inategemea ni nani, na hapo ndipo penye hatari. THC, kama mafuta, haichanganyiki na maji. Kiwandani huvunjwavunjwa kuwa matone madogo mno, hivyo kinywaji hufanya kazi upesi kuliko keki ya bangi, mara nyingi ndani ya nusu saa; keki yaweza kuchukua saa mbili. Asiyesikia kitu hufungua kopo la pili, na nguvu ya yote mawili humkuta akiwa kwenye usukani. Tena THC huweza kuonekana katika mkojo siku kadhaa baadaye, na kipimo cha mwajiri kikamgharimu muuguzi kazi yake. Makopo mengine yana CBD peke yake, ambayo hailevyi, ingawa huweza kugongana na dawa, zikiwemo za kuzuia damu kuganda. Asiyesoma ubavu wa kopo hajachagua chochote.

Wengi hukimbilia shauri la Paulo kwa Timotheo. Lakini Paulo alitaja tumbo linaloumwa, na akataja kiasi. Dada huyu akimweleza daktari habari za zamu zake, akapewa dawa kwa kipimo kinachofuatiliwa, hajatoka katika kiasi. Kopo la kwenye friji halimwulizi anaumwa nini. (Na mshiriki anayemaliza vikombe sita vya kahawa ili akeshe asiwe wa kwanza kumkemea.)

Danieli alipokataa divai ya mfalme hakuishia kukataa. Aliomba mboga na maji kwa siku kumi. Darasa la Shule ya Sabato linalomkataza muuguzi huyu kopo lake laweza pia kumwuliza ni nani anayewapeleka watoto wake shuleni asubuhi ile anayohitaji kulala.