Kipenda Roho na Nyama Mbichi

Methali hii mara nyingi hutolewa kwa kubetua mdomo. Binti kakataa posa ya mwenye duka, kamfuata kijana asiye na mbele wala nyuma. Mashangazi wakishachoka kunong'ona jikoni, mmoja hufunga mjadala: kipenda roho hula nyama mbichi. Yaani mwacheni, atajua mwenyewe. Hivyo tumeizoea kuwa methali ya mapenzi yaliyopofuka, na vitabu vingi vya shule huishia hapo hapo.

Nadhani tumeipunja. Methali haisemi kwamba nyama mbichi ni tamu, wala haidai kwamba mlaji hajui kuwa haijaiva. Inasema tu kwamba anaila, tena bila kusukumwa. Na sijui mahali ambapo nyama mbichi huandaliwa kwa wingi kuliko kwenye kujifunza: majina yanayovunja ulimi, kurudia jambo lile lile hadi lichoshe, kukosea mbele za watu, kuchekwa. Darasani tunamlisha mtoto kwa kiboko na hofu ya mtihani, na akitema tunasema hana kichwa. Mtoto huyo huyo aliyeshindwa kukariri mwaka wa Vita vya Majimaji atakutajia kikosi cha Simba msimu kwa msimu, nani aliingia badala ya nani, na bao likapatikana kwa mguu upi. Kichwa anacho. Tulichokosa sisi ni kujua roho yake iko wapi.

Ndiyo maana huwa namkumbuka Kamoya Kimeu, Mkamba wa Kenya aliyekua akichunga mbuzi na ambaye shule hakuvuka ile ya msingi. Mwaka 1960 alipata kibarua cha kuchimba Olduvai, Tanzania, kwa watafiti wa binadamu wa kale Louis na Mary Leakey. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutafuta mifupa, na kwa wengi wetu mifupa ya wafu si kitu cha kuchezea. Yeye akaipenda. Mwaka 1964, karibu na Ziwa Natron, akaona taya la kiumbe wa kale lenye meno yake, na tangu hapo jicho lake likawa la kuaminiwa. Baadaye aliongoza kikosi cha watafutaji Wakenya, akiwafunza na wengine kuona alichokiona.

Kutafuta visukuku ni kutembea umeinamisha kichwa kwenye nchi kavu iliyojaa mawe ya volkano, jua likiwa juu ya shingo, na siku nyingi zikaisha mikono mitupu. Mfupa uliogeuka jiwe hautofautiani sana na kokoto jirani yake. Atakayeutambua ni yule aliyeshika mingi, akajua fuvu linavyopinda na jino linavyong'aa. Agosti 1984 kambi yao ilikuwa magharibi mwa Ziwa Turkana, kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kimeu akatoka kutembea, akaona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, rangi yake sawa na changarawe zilizokizunguka. Walipochimba hapo na kuchekecha udongo, msimu baada ya msimu, ikatoka mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mpaka leo ni miongoni mwa mifupa ya binadamu wa kale iliyo kamili kuliko yote. Mwaka 1985 Kimeu alipewa medali Ikulu ya Marekani.

Medali ni nzuri, lakini mimi hunasa kwenye ile siku ya mapumziko. Hakuna msimamizi aliyemwambia atoke, na mshahara wa siku ile ungekuwa ule ule kama angelala hemani. Miaka kumi baadaye alikuwa bado anatembea, na huko Kanapoi akaokota kipande cha mfupa wa muundi kilichosaidia kuonyesha kwamba viumbe wa ukoo wetu walikwisha kusimama kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 4 iliyopita.

Mashangazi wa jikoni, hata hivyo, hawakukosea kabisa. Nyama mbichi ina minyoo. Mwenye shauku humeza mengi bila kutafuna, na kila mtaa una mtu aliyependa dawa za mitishamba au siasa za dunia hadi akawa haambiliki, kila alichokisikia ni kweli mradi kinamfurahisha. Kupenda jambo humfikisha mtu kwenye maarifa, lakini hakumpi kibali cha kuwalisha wenzake kabla hayajapita motoni. Moto wenyewe ni macho ya watu wengine: wapime, wabishe, warudie kwa mikono yao.

Mtanzania Erasto Mpemba alipitia moto huo akiwa mwanafunzi. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, yeye na wenzake walipenda kujitengenezea aiskrimu: wachemshe maziwa, watie sukari, wasubiri yapoe, ndipo waweke kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja, kwa kuogopa kuikosa, Mpemba akaingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga akamwambia kwamba wao huweka ya moto makusudi, huwahi kuganda. Napenda sana kisehemu hiki: wauza aiskrimu wa Tanga walikwisha kujua, ila elimu yao ilikuwa imebaki kwenye biashara yao na hakuna aliyewauliza.

Akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba aliuliza tena, na darasa likacheka tena. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama na swali lake: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya yale ya nyuzi 35, kiasi kikiwa sawa? Wenzake waliona aibu kwa niaba yake. Osborne alirudi Dar, jambo likajaribiwa maabara, likaonekana. Mwaka 1969 makala ikachapishwa Uingereza kwa majina ya wote wawili, na Mpemba akaeleza humo kisa cha aiskrimu kwa maneno yake mwenyewe. Wanafizikia hawajakubaliana hadi leo: wapo wanaolipata tokeo hilo, wapo waliolikosa kabisa wakadai ni hitilafu ya vipimo. Sioni hasara hapo. Swali la mvulana aliyepigania nafasi ya friji limewatia kazini watu wenye maabara za mamilioni kwa zaidi ya nusu karne.

Na fizikia Mpemba hakuifanya kazi ya maisha. Makala ilipotoka, alikuwa Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, akisomea uhifadhi wa wanyamapori.