Nani Anachagua Mizani ya Kupona?



Sisi tunaosomea afya hufundishwa kuuliza kuhusu kila dawa mpya: inafanya kazi? Kwangu mimi kuna swali linalotangulia hilo: "kufanya kazi" maana yake nini, na nani ameamua?

Mfano upo hapa kwetu. Wazee wa Arua na Koboko wanayakumbuka malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o wa kando ya mito. Dawa ya siku zile, melarsoprol, ilikuwa na aseniki. Iliponya wengi, na baadhi iliwaua. Mwaka 2001 majaribio ya kuchanganya dawa yalianza katika kituo cha afya cha Omugo, wakati huo kikiwa wilaya ya Arua. Ingekuwa rahisi kumhesabu mgonjwa amepona siku anapotoka wodini. Lakini vimelea vya malale huweza kutoweka, kisha vikarudi baada ya miezi. Kwa hiyo wagonjwa walifuatiliwa hadi miezi 24. Majaribio yalisimamishwa mapema kwa sababu ya sumu ya dawa, yakiwa na wagonjwa 54 tu. Hata hivyo, nifurtimox pamoja na eflornithine ziliponya 16 kati ya 17. Melarsoprol pamoja na nifurtimox, 8 kati ya 18.

Kipimo cha haraka kinaweza kupotosha vibaya. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulihusu watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliopewa dripu ya haraka walionekana nafuu zaidi baada ya saa moja. Lakini kufikia saa 48, walikuwa wamekufa takriban 10.5 katika kila 100, na kwa wasiopewa ni 7.3. Kama watafiti wangepima saa ya kwanza tu, dripu hiyo ingesifiwa.

Sura ya Al-Mutaffifin tumezoea kuwasomea wenye maduka. Naona inamhusu mtafiti pia. Anayechagua kipimo kwa kuwa kitaipendeza dawa yake amepunja, hata kama kila namba aliyoandika ni sahihi.

Mtu atasema kipimo cha kweli kina gharama, naye atakuwa na haki. Mgonjwa wa malale aliyejiona mzima alitakiwa kurudi kutoka kijijini, mara baada ya mara, achomwe sindano ya uti wa mgongo. Faida ilikuwa ya wagonjwa wa kesho. Maumivu yalikuwa yake. Hapo sikubali kwamba wataalamu peke yao waamue. Mgonjwa aulizwe kabla: anataka arudishiwe nini? Pengine ni usingizi wa usiku, nguvu ya kulima, akili ya kuwatambua wanawe. Hayo yapimwe pamoja na chembe za maji ya uti wa mgongo, na aambiwe wazi mzigo anaoombwa kuubeba.

Baadhi yenu mtakaa kwenye meza zinakopangwa tafiti hizi. Ulizeni kuhusu mizani kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Matokeo yakishatoka, ni rahisi mno kuchagua kipimo kinachotupendeza, na hiyo ni khiyana kwa mtu aliyetuamini na mwili wake.

Wallahu a'lam.