Je, Kumkinga Mtoto ni Kumshuku?

Leo tutazame swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwa sauti ndogo. Kuna chanjo ambayo katika nchi nyingi wasichana hupewa shuleni, wakiwa na umri wa miaka 9 mpaka 14, ili baadaye wasipatwe na kansa ya mlango wa kizazi. Wazazi wengine huikataa. Husema: «Kijidudu cha ugonjwa huo huambukizwa mtu anapolala na mwenzake. Binti yetu ni mtoto mwema. Kumchanja ni kumshuku, tena ni kama kumpa ruhusa ya kutenda vibaya.» Neno hilo halitoki katika moyo mbaya. Lakini je, ni neno la kweli?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kansa hiyo huletwa na vijidudu vidogo sana, virusi viitwavyo HPV. Mganga Mjerumani, Harald zur Hausen, alivionyesha katika kansa hiyo mwaka 1983, na kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo vimeenea pote. Watu wengi sana, waume kwa wake, huvipata wakati fulani wa maisha yao bila kujua, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Lakini kwa wanawake wengine vinabaki, na baada ya miaka 15 au 20 huzaa kansa. Mwaka 2022 wanawake karibu 350,000 duniani walikufa kwa kansa hiyo. Wengi wao walikuwa wa nchi maskini, ambako mashine na waganga wa kuitibu ni wachache.

Sasa tumfikirie mama mmoja. Alilelewa vizuri, akafunga ndoa, hakumjua mwanamume mwingine ila mume wake. Lakini mume alikuwa na mambo yake zamani, kabla ya ndoa, na labda ameyatubu. Mama huyo aweza kuambukizwa katika nyumba yake mwenyewe. Alikosa nini? Hakukosa kitu. Basi neno la wazazi wale lina kosa hapa: linadhani kwamba ugonjwa huwatafuta wabaya na kuwaacha wema. Ugonjwa hauchagui hivyo.

Tena tuseme binti amekosa kweli. Ni mzazi gani atakayesema, «Basi afe kwa kansa akiwa na miaka 40, na watoto wake wabaki yatima»? Kosa lina toba yake. Kansa si toba.

Na ile ruhusa je? Mtoto hupata ruhusa ya kutenda vibaya kwa maneno anayoyasikia na kwa mifano anayoiona nyumbani, wala si kwa sindano. Wavuvi wa Tanganyika huwafundisha watoto wao kuogelea wangali wadogo. Hawataki mtumbwi upinduke. Wanajua tu kwamba ziwa ni pana, na kwamba siku ya dhoruba si siku ya kuanza kufundisha. Chanjo hii nayo ni hivyo. Huzuia virusi visiingie, lakini haiwezi kuvifukuza vilivyokwisha kuingia. Kwa sababu hiyo hutolewa mapema. Anayemchanja msichana wa miaka 12 hamshuku. Anasadiki kwamba mtoto bado ni mtoto.

Wengine watauliza: kwa nini shuleni? Tunajibu kwamba shule huondoa haya. Mama akimpeleka binti yake peke yake hospitali kwa chanjo hiyo, majirani watanong'ona. Lakini wasichana wote wa darasa wakisimama mstari mmoja, hakuna anayeonyeshwa kidole. Babu na bibi zetu wengi wana alama ya chanjo ya ndui mkononi. Hawakuulizwa kama ni wema au wabaya. Walipanga mstari wote, na mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Jirani zetu wa Rwanda walianza kazi hiyo mwaka 2011, wa kwanza katika Afrika kuieneza nchi nzima. Walichagua darasa la sita la shule ya msingi, kwa kuwa huko karibu wasichana wote hufika shule. Wakati ule zilitakiwa sindano tatu, na wasichana 93 katika 100 wa darasa hilo walizimaliza zote. Lakini hawakusahau wasiokuwa darasani: wajumbe wa afya wa vijiji waliwatafuta nyumbani. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba hata sindano moja yaweza kutosha kwa wasichana wa umri huo, na hivyo kazi ya shule imekuwa nyepesi zaidi. Tena matunda yameonekana. Katika Uingereza, wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipungukiwa na kansa hiyo kwa sehemu 87 katika 100, kama ilivyotangazwa mwaka 2021.

Hata hivyo shule isijifanye baba na mama. Mwalimu awaite wazazi kwanza, awaambie kweli yote: kwamba mkono utauma siku moja au mbili, kwamba wengine hupata homa kidogo au kizunguzungu, na kwamba hata aliyechanjwa atapaswa kupimwa akifika miaka 30. Mzazi aliyefichwa jambo atakataa, na ana haki ya kukasirika. Na kwetu Kongo, ambako wasichana wengi huacha shule mapema, tusihesabu walio darasani tu. Anayeuza ndizi sokoni wakati wenzake wanasoma, yeye ndiye atakayekosa matibabu kesho.

Basi, wazazi, siku mtakapoletewa habari ya chanjo hiyo, ulizeni maswali yenu kwa sauti kubwa, mjibiwe. Kisha mkumbuke usemi wa wazee: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mfundisheni binti usafi wa moyo, na kaka yake vilevile, maana mzigo huo si wa msichana peke yake. Kisha mpeni mkono, mwende naye kwenye mstari.