Sina Wakati, au Naona Haya?



Katika darasa letu ndugu mmoja alituuliza swali ambalo kwanza tulilidhani dogo. Alisema: "Je, yafaa mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye deni na kazi ya kutwa kucha, kujitia katika uraibu mpya? Au huko ni kurejea utotoni na kuupoteza umri ambao kila mmoja wetu ataulizwa juu yake?" Baadhi ya waliokuwapo walijibu upesi kuwa ni laghwi, basi na tusome mengine. Sisi hatukuweza kujibu upesi namna hiyo, kwa kuwa tulikuwa tumerudi karibuni kutoka Busia na Malaba, na tuliyoyaona huko yalitukataza.

Natuanze na neno lenyewe. Wazee wetu waliposema uraibu walikuwa na maana ya tambuu, ugoro, tumbaku na mfano wa hayo: kitu ambacho mtu hukitia kinywani akakizoea hata asiweze kukiacha. Siku hizi neno hilo hutumika kwa kila jambo alipendalo mtu kulifanya wakati wa faragha yake. Maana mbili hizi haziko mbali. Saa za faragha hazikai tupu. Mtu asipotia humo kitu kizuri, kitaingia chengine bila ya kubisha hodi.

Ajuaye mpaka ule analijua hili. Malaba iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa kwa njia ya barabara, na shehena nyingi iingiayo bandarini petu kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo au Busia. Ijapokuwa zimejengwa ofisi za pamoja za nchi mbili ili kazi iwe nyepesi, na ile ya Busia ikafunguliwa rasmi mwaka 2018, bado kuna siku ambazo malori husimama. Mwezi wa Januari mwaka 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe maradhi ya Korona, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita. Madereva wengi walio katika foleni kama hizo ni ndugu zetu na wana wetu wa pwani. Mtu ambaye mchana na usiku husema hana wakati, hujikuta amepewa siku nzima ya wakati, wala hajui aifanye nini.

Hapo ndipo tulipomkuta dereva mmoja, mtu wa miaka 47, ameketi kivulini mwa trela lake, ubao juu ya magoti, kidau cha wino ubavuni, na mkononi kalamu ya tete aliyoichonga mwenyewe. Alikuwa akijifunza khati za Kiarabu. Wenziwe wengine walikuwa wamelala. Wengine walitafuna miraa. Wengine walikuwa wakibashiri mipira kwa simu zao, nayo ni kamari hata ikiitwa kwa jina jengine. Na wengine walikuwa wamekwenda kule ambako hatuna haja ya kukutaja. Tusisahau kuwa miji ya mipakani na njia kuu ya malori ni miongoni mwa mahali palipoumizwa sana na Ukimwi katika miaka ya 1980 na 1990, na wako mayatima, hata huku kwetu, ambao msiba wao ulianzia katika siku kama hizo za kungoja.

Tulimwuliza imekuwaje akaanza jambo hili katika umri wake. Akasema: "Babu yangu ameacha sanduku la barua na mashairi kwa harufi za Kiarabu, nami huyatazama kama atazamavyo kipofu. Miaka 20 nilikuwa nikisema sina wakati wa kujifunza. Ilikuwa hapa Malaba, siku ya tatu ya kungoja, nilipojua kuwa nilikuwa nikisema uwongo. Wakati nilikuwa nao mpaka nikiutupa. Nisichokuwa nacho ni uso wa kuketi mbele ya maalim aliye rika la mwanangu, naye aniambie: umekosea, rudia."

Maneno haya tulirudi nayo, na kwa kadiri tunavyoyafikiri twaona kuwa yametufichua sote. Mtu mzima amezoea kuulizwa, hakuzoea kuuliza. Dukani huheshimiwa, nyumbani husikizwa, msikitini ana mahali pake. Kuanza jambo jipya ni kuvua heshima zote hizo na kuwa mjinga mbele ya watu. Hilo ndilo limtishalo, lakini kusema "naona haya" ni kuzito, na kusema "nina kazi nyingi" kuna hata utukufu ndani yake.

Mwenye shaka na aitazame Busia. Huko ndiko ilikoanza boda boda katika miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli baina ya mpaka na mpaka, na jina hilo limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki zilipokuja, wanaume wenye watoto walianza upya kujifunza kuendesha, wakaanguka mbele ya watu, wakainuka. Kadhalika ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, wafanya biashara wa makamo waliwaomba watoto wao wawafundishe kubonyeza simu, wala hatukusikia aliyesema kuwa umri wake umepita. Basi kwa ajili ya tumbo twakubali kuwa wanafunzi. Kwa ajili ya moyo na akili ndipo tunapokumbuka kuwa sisi ni watu wazima.

Dini yetu haikutufundisha hivyo. Imam Bukhari ametaja katika mlango wa elimu kuwa Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walijifunza na hali ni watu wazima. Sayyidna Umar, ambaye alikuwa na kazi zake, alipatana na jirani yake wa Kiansari waende kwa Mtume kwa zamu, huyu siku moja na huyu siku ya pili, kila mmoja akimletea mwenziwe habari za siku yake. Hiyo ndiyo hila ya mtu mwenye shughuli. Na Hanzala alipohuzunika kuwa akiwa na watu wake moyo wake hauwi kama awapo mbele ya Mtume, alifahamishwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Asemaye kuwa kila burudani ni laghwi amejikalifisha kwa jambo ambalo Masahaba hawakukalifishwa.

Hapa yatupasa tujilaumu sisi wenyewe. Sisi watu wa madarasa tumekuwa hodari wa kufunga milango: hili haramu, lile upuuzi, jengine bidaa. Mara ngapi tumemwonyesha kijana au mzee mlango ulio wazi? Tumewaambia madereva waache kamari na miraa, kisha tukawaacha pale pale barabarani na mikono mitupu.

Hata hivyo, hatusemi kuwa kila uraibu ni mwema kwa kuwa ni halali. Tulimwuliza yule dereva: "Na nyumbani je?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa safari ya kwanza aliingia na karatasi zake, akazitandaza baada ya chakula cha usiku. Mkewe akamwambia: "Baba watoto, nimekungoja siku 14, nawe umenijia na mgeni." Tangu siku hiyo kalamu hulala garini. Huu ndio mpaka ambao hauna afisa wala kizuizi, na kila mtu ni mlinzi wake mwenyewe. Saa za mpirani na foleni ni zako. Saa ya Sala ni ya Mola wako. Na saa ya mke na watoto ni deni, wala hapana sadaka juu ya deni ambalo halijalipwa.

Basi jawabu letu kwa ndugu aliyeuliza ni hili. Yafaa, na kwa wengi wetu ni dawa. Na atafute kila mmoja jambo la halali alilolikwepa miaka mingi, iwe khati, iwe upandaji wa miti, iwe kuogelea au kushona vitabu, ajiulize kwa ukweli: je, nilikosa wakati, au niliona haya? Akishajua, na aende kwa amjuaye fundi wake, hata awe kijana mdogo, aketi mbele yake. Achukue kidogo na adumu nacho, kwani tumefundishwa kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile ya kudumu ijapokuwa ni chache.

Tulipoagana na dereva yule alituonyesha ukurasa wake. Herufi ya ba alikuwa ameiandika mara nyingi, na nyingi zilikuwa zimepotoka. Ya mwisho ilikuwa imenyooka.

Wabillahi tawfiq.