Waya Uliotoa Ushahidi wa Uongo

Likizo ya Juni ilimkuta kijana mmoja wa kidato cha nne nyumbani kwao Bariadi, mkoani Simiyu, pamba imeshavunwa na kila kaya inapigia hesabu fedha yake. Shuleni alikuwa amefundishwa jambo lililomteka akili: chumvi za metali kadhaa zikiingia motoni, kila moja hutoa rangi yake. Sodiamu hutoa manjano, potasiamu zambarau iliyofifia, kalsiamu nyekundu ya tofali, shaba kijani. Akaona kungoja maabara ifunguliwe ni kujichelewesha.

Mjomba wake, mchimbaji mdogo, akamletea jiwe lenye vimetameta alilolitoa katika duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia. Kijana akaliponda kwa nyundo mpaka likawa unga. Akakata kipande cha waya wa shaba kutoka kwenye ekstensheni mbovu, akaumenya kwa meno, mabaki ya plastiki yakabaki yameganda hapa na pale. Akamimina spiriti kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, akawasha, akachovya waya kwenye unga na kuuingiza motoni. Moto ukageuka kijani kibichi. Majirani waliojaa uani wakapiga makofi.

"Mpwa wangu, una hakika?" mjomba akauliza.

"Mjomba, hii ni shaba. Kemia haidanganyi."

Wakataka kuona tena. Jua lilikuwa kali, na moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Kijana akadhani umezimika. Akachukua chupa na kuongeza spiriti. Moto ukapanda na mmiminiko mpaka ndani ya chupa, chupa ikatema mwali, shati likashika. Bibi yake ndiye aliyemvuta hadi bombani na kumshikilia mkono chini ya maji yanayotiririka. Jirani mmoja akaja mbio na dawa ya meno. Bibi akamfukuza nayo. Wakaenda hospitali.

Mjomba naye alikuwa ameshaondoka na habari njema. Akauza ng'ombe, akachangia na wenzake kuongeza kina cha duara. Wakachimba, wakapeleka sampuli maabara, majibu yakarudi: jiwe la kawaida, shaba hakuna.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa kemia aliutazama ule mkono uliofungwa bandeji, akauliza swali moja tu: "Waya mtupu, bila unga, uliujaribu?"

"Hapana, mwalimu."

Kijana huyu ni wa hadithi, lakini kosa lake lina maelezo ya kisayansi. Mwaka 1872 mkemia Friedrich Beilstein alionyesha kwamba waya wa shaba ukichomwa pamoja na kitu chenye klorini hutoa mwali wa kijani. Plastiki ya nyaya za umeme, PVC, imejaa klorini. Kwa hiyo ule ukijani ulitoka kwenye waya na plastiki yake. Jiwe halikuwa limesema lolote. Maabara hutumia waya wa platinamu au nikromu kwa sababu haupaki moto rangi, na kabla ya kila jaribio husafishwa kwa asidi na kuchomwa mpaka mwali ubaki na rangi yake yenyewe.

Hata waya ukiwa safi, macho bado hudanganywa. Chembe ndogo tu ya sodiamu, hata ya jasho la vidole, hutoa manjano makali yanayofunika zambarau ya potasiamu. Ndiyo maana Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, kule Heidelberg, hawakuridhika na kutazama mwali kwa macho. Waliupitisha mwanga wake kwenye spektroskopu, na kwa njia hiyo wakagundua elementi mpya mbili: sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Dhahabu, ambayo wengi wangependa kuitafuta kwa njia hii, haitambuliwi kwa rangi ya mwali.

Mkasa wa chupa nao si wa hadithi tu. Januari 2014, katika sekondari moja ya New York, wanafunzi waliungua katika onyesho hilihili la rangi za chumvi. Septemba mwaka huohuo, ajali katika makumbusho moja ya Reno ilijeruhi watu 13, wengi wao watoto, na siku chache baadaye wanafunzi wanne wakaungua Denver. Kote huko kilichotumika ni methanoli, ndugu wa karibu wa spiriti yetu. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilichunguza na kuonya juu ya jambo lilelile alilolifanya kijana wetu: kumimina kutoka kwenye chupa kubwa mahali penye moto.

Simiyu kuna hatari nyingine ya kuongeza. Huu ni mkoa wa pamba, na majumbani kuna makopo ya viuatilifu yaliyobanduka lebo na mifuko ya mbolea ya CAN iliyofunguliwa. Unga usiojulikana ukichomwa unaweza kutoa moshi wa sumu kabla haujatoa rangi yoyote. Na machimboni kuna zebaki, ambayo mvuke wake hauna rangi wala harufu.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa vitendo anajua kwamba rangi ya mwali ni dokezo la mwanzo tu. Baada yake huja vipimo vya kuthibitisha, na anayeviruka hupoteza alama. Nje ya chumba cha mtihani hupoteza ngozi, na nduguze hupoteza ng'ombe.

Basi jaribio la mwali lifanyike maabara, mwalimu akiwepo. Jiwe lipelekwe kwa wataalamu wa Tume ya Madini. Unga usiojulikana usichomwe wala usionjwe: ufungwe, uwekwe mbali na watoto, na Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, aulizwe. Na wewe unayeletewa jibu la rangi, kabla hujauza mfugo, uliza kwanza kama waya mtupu ulijaribiwa.